Tarumbeta Lisikudanganye

Mbwa aliyeitangaza gramafoni dunia nzima hakuwahi kuiona mashine aliyochorwa akiisikiliza. Nipper alizaliwa Bristol, Uingereza, mwaka 1884, akafa 1895. Bwana wake wa kwanza, Mark Barraud, alifariki 1887, na mbwa akalelewa na ndugu wa marehemu, mchoraji Francis Barraud. Nipper alikuwa ameshafukiwa miaka kadhaa pale Barraud alipomchora akiwa ameinamisha kichwa mbele ya mashine ya kutoa sauti. Mashine hiyo ilikuwa fonografu ya silinda, yenye tarumbeta jeusi.

Picha haikupata mnunuzi. Barraud aliiandikisha tarehe 11 Februari 1899, kisha akaenda kwenye ofisi za Gramophone Company mjini London kuazima tarumbeta la shaba, akitumaini kwamba mng'aro wake ungeichangamsha picha. Meneja wa kampuni, William Barry Owen, akamwambia kwamba angeinunua picha hiyo endapo fonografu ingefutwa na mahali pake ikachorwa gramafoni ya sahani bapa iliyotengenezwa na kampuni. Barraud akakubali. Akalipwa pauni 50 kwa picha na pauni 50 nyingine kwa haki zake. Mwanga ukiipiga picha ya asili kwa upande, umbo la fonografu ya zamani huonekana bado chini ya rangi.

Anayetaka kujua umri wa gramafoni ya kale angefanya vyema kuitazama picha hiyo kwa makini, maana ndani yake mna mambo mawili ambayo sura hii itayazungumza kwa kirefu. La kwanza ni kwamba kitu kimoja kinaweza kubeba tarehe mbili. La pili limo katika umbo lenyewe la mashine: tarumbeta limeshikwa na mkono wa mbao, na ncha yake nyembamba imeunganishwa moja kwa moja na kichwa kinachobeba sindano. Hakuna bomba la chuma linalopeleka sauti nyuma. Muundo huo ni wa mwishoni mwa karne ya 19, na mtu aliyeuzoea anaweza kukadiria umri wa gramafoni ya namna hiyo kabla hajasoma hata herufi moja kwenye bamba lake.

Swali la kwanza huwa jepesi: silinda au sahani? Thomas Edison alipewa hataza ya fonografu tarehe 19 Februari 1878, miezi michache baada ya kurekodi sauti kwenye karatasi ya bati iliyoviringishwa kwenye pipa. Karatasi ya bati ikaachwa, zikaja silinda za nta, na katika silinda hizo sindano hupanda na kushuka ndani ya mfuo. Emile Berliner, Mjerumani aliyehamia Marekani, alifuata njia nyingine mwaka 1887. Alitumia sahani bapa ambayo mfuo wake huyumba kulia na kushoto. Hataza yake iliyokuja kuwa nguzo ya biashara nzima ya sahani ilitolewa tarehe 19 Februari 1895, siku na mwezi uleule wa hataza ya Edison, miaka 17 baadaye.

Hataza hizi zina faida kubwa kwa mtafiti wa leo, kwa sababu watengenezaji wa Marekani walizoea kuziorodhesha kwenye bamba la chuma lililopigwa misumari midogo kwenye kasha. Bamba huweza kuwa na tarehe 5, 10 au zaidi, na hapo ndipo wauzaji wengi hupotoka. Huichukua tarehe ya zamani kuliko zote wakaitangaza kuwa mwaka wa kutengenezwa. Mashine ya kampuni ya Columbia yenye maandishi "May 4, 1886" huuzwa kama ya mwaka 1886, wakati tarehe hiyo ni ya hataza za Chichester Bell na Charles Tainter, zilizoendelea kuchapwa kwenye mabamba kwa miaka mingi. Tarehe ya kutazamwa ni ile ya mwisho. Hiyo huweka mpaka mmoja tu: mashine haiwezi kuwa imetengenezwa kabla yake. Inaweza kuwa imetengenezwa mwezi uliofuata, au miaka mitano baadaye.

Jina la kampuni huongeza mpaka mwingine. Mashine za silinda za Edison zilitengenezwa chini ya National Phonograph Company, iliyoanzishwa 1896, hadi 1911 shughuli zilipohamia kampuni ya Thomas A. Edison, Inc. Ndani ya miaka hiyo 15 zilitoka mashine ambazo bado zinapatikana kwa wingi kuliko nyingine zote za silinda: Home ya 1896, Standard ya 1898, Gem ndogo ya 1899 iliyouzwa dola 7.50, na Triumph kubwa iliyouzwa dola 50.

Standard ndiyo inayofaa kuchunguzwa kwa utulivu, kwa kuwa iliuzwa dola 20 tu na kuingia katika nyumba za watu wa kawaida, ikatumika, ikaharibika, ikatengenezwa tena. Zile za kwanza zina kasha la pembe kali lililofungwa kama sanduku la safari. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 kasha likabadilishwa, kingo zikapewa nakshi, na mbele pakabandikwa chapa ya utepe yenye maneno "Edison Standard Phonograph". Baadaye utepe ukaondolewa, ikawekwa sahihi ya Edison peke yake. Mwaka 1905 ikaja aina iliyoitwa B, ndipo wakusanyaji wakazoea kuziita zilizotangulia aina A. Mwaka 1908 zikafuata C na D. Herufi B, C au D imo kwenye bamba, na ukiisoma umekwisha kuupunguza mjadala mpaka miaka miwili au mitatu.

Lakini mwaka huohuo wa 1908 ndio unaovuruga hesabu. Hadi wakati huo silinda ya Edison ilikuwa na mifuo 100 kwa kila inchi na ilicheza kama dakika mbili, ikizunguka mara 160 kwa dakika. Oktoba 1908 Edison alitoa silinda za Amberol, zenye mifuo 200 kwa inchi, zilizocheza dakika nne. Mashine ya zamani haikuweza kuzicheza, maana kichwa chake kilisogezwa kwa kasi ya mifuo 100 na sindano yake ilikuwa nene mno. Edison hakutaka kuwapoteza mamia ya maelfu ya watu waliokwisha kununua mashine zake. Akawauzia gia za nyongeza pamoja na kichwa kipya cha aina H. Baadaye kikaja kichwa cha aina K, chenye sindano mbili zilizogeuzwa kwa mkono, moja ya dakika mbili na nyingine ya dakika nne.

Matokeo yake ni kwamba Standard iliyotoka kiwandani 1903 inaweza leo kuwa na gia za 1909 na kichwa cha 1910, na vyote vikawa halisi, vya Edison, vilivyofungwa na fundi aliyeidhinishwa wakati mwenye mashine yu hai. Kuiita mashine hiyo ya bandia ni kosa. Kuiita ya 1903 tu, ukanyamaza, ni kosa pia. Mkusanyaji mzuri huifurahia historia hiyo, kwa sababu inaonyesha familia iliyoipenda mashine yake kiasi cha kuigharimia mara ya pili.

Nje ya himaya ya Edison kuna alama zinazosaidia haraka. Graphophone ya Columbia aina B ya 1897 iliuzwa dola 10 na ikaitwa Eagle, yaani tai, kwa kuwa sarafu ya dhahabu ya dola 10 ilikuwa na jina hilo. Mashine ya Pathé ya Ufaransa hubeba jogoo. Santuri za Pathé zina ukaidi wa pekee: za awali huanzia katikati na kumalizikia ukingoni, zikitaka kichwa chenye kitufe cha johari ya yakuti badala ya sindano ya chuma. Mtu akikuta gramafoni ya awali ya Pathé yenye kichwa cha sindano za kawaida, ana sababu ya kushuku kwamba kuna kilichobadilishwa.

Kwa mashine za sahani, mgawanyo mkubwa uko mahali tarumbeta linapokaa. Katika zile za kwanza, kama iliyochorwa na Barraud, tarumbeta zima husafiri pamoja na sindano juu ya santuri, na uzito wake huikandamiza. Eldridge Johnson, fundi wa Camden, New Jersey, ndiye aliyeliondoa tatizo hilo. Yeye na watu wake walilihamishia tarumbeta nyuma ya kasha, wakaliunganisha na kichwa kwa mkono wa chuma wenye uwazi ndani, ambao hupanuka taratibu kadiri unavyokwenda nyuma. Mkono wa namna hiyo uliingia sokoni mwaka 1903. Gramafoni yenye mkono huo haiwezi kuwa ya 1898, hata muuzaji aape. Kinyume chake hakishiki kwa uhakika uleule: muundo wa zamani uliendelea kuuzwa kwa bei nafuu hata baada ya mpya kuzoeleka.

Majina ya makampuni ya sahani ni hazina. Johnson aliuza kwanza kwa jina la Consolidated Talking Machine Company, mwaka 1900, kisha Oktoba 1901 akaunda Victor Talking Machine Company. Bamba lenye jina la Consolidated, basi, ni la kipindi kifupi sana. Upande wa Uingereza mambo ni mazuri zaidi. Gramophone Company ilianza 1898. Desemba 1900 viongozi wake, wakihofu kwamba shauku ya watu kwa santuri ingepoa, walichukua pia biashara ya taipureta, wakabadili jina kuwa Gramophone & Typewriter. Taipureta hazikuwapa faida, na mwaka 1907 jina la zamani likarudishwa. Kwa hiyo kila kitu kilichoandikwa "Gramophone & Typewriter" kimefungwa kati ya Desemba 1900 na 1907. Ni mara chache kosa la kibiashara kuwafaa watu wa miaka 100 baadaye kiasi hicho.

Chapa nazo zina utaratibu wake. Kampuni ya London ilitumia kwanza malaika aliyeketi akiandika kwa unyoya juu ya sahani. Nipper alichukuliwa mapema zaidi Marekani, na Victor wakamtangaza kwa nguvu. Kwenye santuri za Uingereza alianza kuchapwa 1909. Anayeuziwa gramafoni "ya Kiingereza ya mwaka 1902" iliyojaa picha za mbwa kuanzia tarumbeta hadi miguu ya kasha ana haki ya kusita.

Tarumbeta, ambalo ndilo humvuta kila mnunuzi, ndilo shahidi dhaifu kuliko wote. Hutoka kwa skrubu moja au kwa kuzungushwa kidogo tu. Lilibonyea, likapata kutu, likapotea wakati wa kuhama nyumba. Tena tangu mwanzo halikuwa lazima litoke kiwandani pamoja na mashine. Makampuni kama Hawthorne & Sheble ya Philadelphia na Tea Tray Company ya Newark yaliuza matarumbeta peke yake, makubwa na yenye rangi kuliko yale ya Edison, na wenye duka waliyatundika ukutani ili mteja achague. Standard ya awali ilikuja na tarumbeta la inchi 14, jeusi, lenye mdomo wa shaba ya manjano. Kuanzia 1907 ikaja na matarumbeta makubwa yaliyoundwa kwa vipande vilivyotandazwa kama petali za ua. Mwaka 1909 likafuata lile lililoitwa Cygnet, lililopinda kama shingo ya bata maji na kuning'inia juu ya mashine. Kwa Victor, matarumbeta ya mbao, mwaloni au mkangazi, ni ya thamani kubwa, na kwa sababu hiyo yameigwa sana. Tarumbeta linasaidia kuthibitisha tarehe iliyokwisha kupatikana kwingine. Kuanza nalo ni kuanza mwisho.

Pa kuanzia ni pale ambapo hakuna aliyejali kupendezesha. Fungua kasha, tazama kamani na gia. Tazama upande wa chini wa ubao: je, mbao ni nzima, zimeunganishwa kwa meno ya seremala, au ni plaiwudi nyembamba iliyopakwa rangi ya chai? Je, kuna matundu ya skrubu yasiyo na kazi, yanayoonyesha kwamba injini nyingine iliwahi kufungwa hapo? Skrubu zenyewe husema. Ile yenye msalaba kichwani ilipata hataza zake Marekani mwaka 1936, kwa jina la Henry Phillips. Ikionekana kwenye gramafoni ya 1905, mkono wa mtu wa baadaye umepita hapo. Huenda ni wa fundi mwema aliyefanya ukarabati, lakini umepita.

Kichwa cha sauti kina ushahidi wake. Katika enzi ya matarumbeta ya nje, kiwambo kilikuwa karibu daima cha ulanga, kile kijiwe chembamba kinachopitisha mwanga, kilichozungushiwa mpira. Kichwa cha Exhibition cha Victor na wenzao wa London ni mfano unaojulikana. Kiwambo cha aluminiamu chenye mikunjo, chini ya kifuniko chenye matundu, ni cha kizazi kingine, kilichokuja baada ya santuri kuanza kurekodiwa kwa maikrofoni na umeme mwaka 1925. Kichwa cha namna hiyo kikiwa mbele ya tarumbeta la petali, ujue kimetoka kwenye mashine ya baadaye, mara nyingi gramafoni ya mkononi.

Na hapo ndipo biashara ya bandia ilipojijenga. Tangu mwishoni mwa karne ya 20, karakana za India zimekuwa zikiunda gramafoni za tarumbeta kwa ajili ya watalii na wapambaji wa nyumba. Malighafi yake ni ya kusikitisha. Huchukuliwa gramafoni halisi za mkononi za miaka ya 1930 na baada yake, zinazocheza vizuri kabisa, zikang'olewa injini, sahani ya kuzungushia santuri na kichwa. Vitu hivyo hufungwa ndani ya kasha jipya, mara nyingi la pembe nane au lililojaa nakshi, kisha huwekewa tarumbeta la shaba linalomeremeta na bamba jipya la Nipper. Kwa hiyo mashine nzuri isiyovutia macho huuawa ili izaliwe isiyowahi kuwepo.

Ukishaona moja, nyingine hujitambulisha kwa mbali. Tarumbeta lote ni shaba tupu, lina maungio ya solda yanayoonekana, na halina rangi ya asili hata ndani ya shingo. Kiwiko kinachoungana nalo nyuma ya kasha ni kizito, kimepinda ghafla, na uso wake una vinyweleo vya chuma kilichomiminwa kwenye mchanga. Mkono wa sauti haulingani na sahani, kwa hiyo sindano huikata santuri kwa pembe mbaya. Kasha halina namba ya mfululizo, au lina bamba lisilo na hataza hata moja. Victor na Gramophone Company walikuwa wakali mno kuhusu hataza zao, wakishtaki wapinzani mahakamani mwaka baada ya mwaka. Haielekei wangeacha kuzitaja kwenye bidhaa yao wenyewe. Tena mashine zao zilizowafikia watu wengi zilikuwa na matarumbeta ya chuma kilichopakwa rangi. Mng'aro ule wa dhahabu unaodhaniwa kuwa dalili ya ukale mara nyingi ni dalili ya upya.

Enzi halisi ya tarumbeta la nje ilikuwa fupi kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1906 Victor walitoa Victrola, kabati la dola 200 ambamo tarumbeta lilielekezwa chini na kufichwa nyuma ya milango. Mwaka 1909 Edison akafuata na Amberola. Mwaka 1914 ikaja Decca ya mkononi, ambayo askari wa Uingereza waliibeba hadi kwenye mahandaki ya vita. Gramafoni za tarumbeta hazikutoweka siku moja, ila zilibaki za bei ya chini, za vijijini na za masoko ya mbali.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki anapaswa kulikumbuka hilo anapokutana na simulizi za Siti binti Saad. Mwanamke huyo wa Fumba, Unguja, alisafiri na kundi lake hadi Bombay, na Machi 1928 wakarekodi kwa Gramophone Company nyimbo za Kiswahili ambazo santuri zake zilienea pwani nzima na bara. Zilirekodiwa kwa umeme, miaka 22 baada ya Victrola. Gramafoni ya tarumbeta ya 1905 inayoonyeshwa pamoja na santuri ya Siti inawezekana kweli iliicheza, kwa kuwa mashine za chuma na kamani hudumu. Lakini santuri haiithibitishii mashine umri wake, wala mashine haiithibitishii santuri. Kila kimoja huchunguzwa peke yake, na santuri ya Siti ina thamani kubwa mno kuachwa chini ya kichwa kizito cha 1905 na sindano ya chuma iliyokwisha kutumika. Sindano hizo zilikusudiwa kubadilishwa kila upande wa santuri.

Kabla ya kusafisha chochote, piga picha. Bamba likisuguliwa kwa dawa ya kung'arishia, namba hufifia. Chapa ya Edison ikipanguswa kwa spiriti, huondoka yote, na pamoja nayo alama ambayo ingetofautisha 1904 na 1908. Wakusanyaji wanaoheshimika hutumia pamba yenye unyevu kidogo, kisha hukaa mezani na vitabu kama Look for the Dog cha Robert Baumbach kwa mashine za Victor, au vya George Frow kwa silinda za Edison, wakilinganisha namba za mfululizo na vipimo.

Kadi inayoandikwa baada ya kazi hiyo huwa na mistari kadhaa badala ya mwaka mmoja. Kwa ile Standard iliyotajwa juu ingesomeka hivi: mashine na kasha, aina A, kasha la pili, kabla ya Oktoba 1905; gia za dakika mbili na nne, nyongeza ya Edison, 1908 au baadaye; kichwa cha aina K, cha baadaye; tarumbeta la petali, jekundu, la mtengenezaji mwingine, halina chapa; hendeli mpya; namba ya mfululizo inasomeka, ila tarakimu ya mwisho imefutika nusu, ni 3 au 8.